Pimeni uvimbe kwanza, dawa itafuata

Mwaka 2022 madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, walitoa taarifa iliyozunguka dunia. Wagonjwa 12 wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, walikuwa wamepewa dawa moja tu, dostarlimab, kwa miezi sita. Uvimbe ulitoweka kwa wote 12. Hakuna aliyepigwa mionzi, hakuna aliyepewa tibakemikali, hakuna aliyepasuliwa. Vichwa vya habari vikaishangilia dawa. Kipimo kilichowafikisha wagonjwa hao kwenye dawa hiyo kilipata sentensi moja au mbili, kama kilipata.

Kumbe habari yenyewe ilikuwa hapo. Wale 12 walichaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa umepoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya DNA yake. Uvimbe wa aina hiyo ni 5 hadi 10 tu kati ya kila saratani 100 za puru. Wapeni wale 90 au zaidi waliobaki dawa hiyohiyo peke yake, na matumaini yatakuwa haba mno. Kiungo ni kilekile na dawa ni ileile. Kinachowatenganisha wagonjwa ni jibu la maabara.

Msimamo wangu ni huu: kila uvimbe wa utumbo mpana, wa puru na wa mfuko wa uzazi upimwe kasoro hiyo kwenye kinyama cha kwanza kabisa kinachokatwa, kabla daktari hajapanga kisu, mionzi wala dawa. Usisubiri ugonjwa usambae, na usisubiri dawa za mwanzo zishindwe. Tena tuache kuviweka kapu moja vipimo vyote vya ukarabati wa DNA. Kimoja kimekomaa na hakina sababu ya kucheleweshwa. Kingine ni cha manufaa, lakini kinahitaji kusomwa kwa tahadhari kubwa kuliko kinavyouzwa.

Tuanze na hicho kilichokomaa. Seli inapogawanyika hunakili herufi za DNA zinazokaribia bilioni sita, na katika kazi kubwa kiasi hicho makosa hayakosi. Nyuma ya unakili hupita kundi la protini linalotafuta herufi zilizokaa mahali pasipo pake, linakata kipande chenye kosa na kukiandika upya. Namna kazi hii inavyofanyika ndiyo iliyompa Paul Modrich sehemu yake ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015, pamoja na Tomas Lindahl na Aziz Sancar waliochunguza njia nyingine za ukarabati. Katika maabara ya hospitali tunazitazama protini nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Hufanya kazi wawiliwawili. MLH1 ikipotea, PMS2 nayo hupotea kwa kukosa wa kuishikilia. MSH2 ikipotea, MSH6 huifuata. Kinyume chake si lazima kitokee, na hapo ndipo msomaji mzoefu wa slaidi, kile kioo cha darubini chenye tishu, anapopata dalili ya jeni ipi ilianza kuharibika.

Protini hizo zikikosekana, makosa hulundikana, hasa kwenye vipande vya DNA vyenye herufi zinazojirudiarudia, vile viitwavyo maikrosatelaiti. Makundi kadhaa ya watafiti yaliliona jambo hili kwenye saratani za utumbo mpana mwaka 1993. Kwa hiyo kuna njia mbili za kupima: ama uangalie kama protini zipo, ama upime urefu wa maikrosatelaiti uone kama umeyumba. Mara nyingi majibu ya njia hizo mbili hukubaliana.

Kwa nini kasoro hii iliyoizaa saratani iwe pia udhaifu wake? Kwa sababu uvimbe wenye maelfu ya makosa hutengeneza protini zisizofanana na za mwili, na mfumo wa kinga huzitambua kuwa ngeni. Seli nyeupe huingia kwa wingi ndani ya uvimbe. Uvimbe nao hujihami kwa kuzituliza kupitia kipokezi kinachoitwa PD-1. Dawa za tiba ya kinga kama pembrolizumab na dostarlimab huziba kipokezi hicho, na seli nyeupe zilizokwishafika huanza kazi. Uvimbe usio na makosa mengi hauna cha kutambuliwa, ndiyo maana dawa hizo peke yake haziufanyi lolote la maana kwenye saratani ya kawaida ya utumbo mpana.

Mwezi Mei 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha pembrolizumab kwa uvimbe wowote ulioenea wenye kasoro hii, uwe wa utumbo, tumbo au mfuko wa uzazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mamlaka hiyo kuidhinisha dawa ya saratani kwa kufuata alama ya uvimbe bila kujali kiungo ulikoanzia. Ushahidi ulitoka kwa wagonjwa 149 wenye aina 15 za saratani, na uvimbe ulisinyaa kwa takriban wanne kati ya kumi. Wanne kati ya kumi, si kumi kati ya kumi. Nalisema hili kwa sababu habari ya New York imewafanya wengi waamini kwamba jibu chanya ni hati ya kupona. Ugonjwa uliokwisha kusambaa ni mkaidi kuliko uvimbe wa puru uliodakwa mapema.

Hapa ndipo suala la wakati linapokuwa zito. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa KEYNOTE-177, uliowahusu wagonjwa 307 wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, wote wakiwa na kasoro hii. Nusu walianza na pembrolizumab, nusu wakaanza na tibakemikali. Muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulikuwa miezi 16.5 kwa dawa ya kinga na miezi 8.2 kwa tibakemikali. Ila ndani ya kundi la dawa ya kinga, karibu watatu kati ya kumi ugonjwa wao ulisonga tangu mwanzo bila kushtuka, idadi kubwa kuliko ya upande wa tibakemikali. Daktari anayempa mgonjwa matumaini ampe na takwimu hiyo, kisha apange kipimo cha picha mapema.

Rudi nyuma kidogo, kwa mgonjwa ambaye ugonjwa haujasambaa. Uholanzi, katika utafiti wa NICHE-2, wagonjwa 111 wa saratani ya utumbo mpana yenye kasoro hii walipewa dawa mbili za kinga kwa wiki chache, kisha wakapasuliwa. Kwa asilimia 95 yao, uvimbe uliokatwa ulikuwa na asilimia 10 au chini ya hapo ya seli za saratani zilizo hai. Kwa asilimia 68 hazikuwapo kabisa. Sasa fikiria hospitali ambayo desturi yake ni kupasua kwanza, kupeleka uvimbe maabara na kuomba kipimo cha protini pale tu daktari wa saratani atakapokikumbuka. Jibu linarudi wakati mgonjwa ameshaondolewa kipande cha utumbo, pengine na mfuko wa choo ameshavalishwa. Kipimo kilikuwa sahihi, lakini kimekuja kueleza kilichopita.

Kuna sababu nyingine ya kupima kinyama cha kwanza ambayo haisemwi vya kutosha. Uvimbe wa puru ukishapigwa mionzi na dawa, rangi ya MSH6 inaweza kufifia hata pale ambapo jeni yake ni nzima. Mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma tishu kwa darubini, asipoijua historia ya mgonjwa anaweza kuandika kuwa imepotea. Tena uvimbe ukisinyaa vizuri hubaki seli chache za kupima. Kile kinyama kidogo cha awali, kilichochukuliwa kwa kamera kabla ya chochote kufanyika, mara nyingi ndicho sampuli bora ambayo mgonjwa huyo atakuwa nayo maishani. Kinalala ndani ya nta kwenye kabati la maabara huku watu wakijadili mpango wa tiba bila kukigusa.

Kipimo chenyewe hakina maajabu. Ni imunohistokemia: kipande chembamba cha tishu kinawekewa kingamwili inayoshika protini inayotafutwa, kisha rangi ya kahawia huonekana kwenye kiini cha seli. Maabara inayopima vipokezi vya homoni kwenye saratani ya titi tayari ina mashine na mikono ya kazi hii. Kinachohitajika ni kingamwili nne na msomaji aliyefundishwa. Na kwa msomaji huyo kanuni ya kwanza ni kutazama seli za kawaida zilizo jirani, zile nyeupe na za tishu unganishi, ambazo lazima ziwe za kahawia. Kama nazo hazikushika rangi, slaidi hiyo haijasema lolote, na anayeandika “protini imepotea” anapiga ramli.

Makosa mengi huanzia mbali na darubini. Kinyama kilichokaa mezani muda mrefu kabla ya kutiwa formalini ya kuhifadhia tishu, formalini iliyozimuliwa ovyo, tishu iliyosahauliwa humo siku nyingi: vyote hivyo huharibu rangi. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa waliwachunguza upya wagonjwa ambao tiba ya kinga ilikuwa imeshindwa kwao tangu mwanzo ingawa walitajwa kuwa na kasoro hii. Waligundua kuwa katika visa vingi dawa haikuwa na hatia. Kipimo kilikuwa kimekosewa, na wagonjwa hao hawakuwa na kasoro yoyote. Ndiyo maana napendekeza kipimo kwa wote bila kupendekeza haraka ya kusoma. Jibu lenye utata lithibitishwe kwa njia ya pili kabla mtu hajaanzishiwa dawa ya miezi.

Najua pingamizi linalokuja: dawa zenyewe ni ghali mno, sasa kupima kuna faida gani kama mgonjwa hatazipata? Pingamizi hili lina uzito, na hasira iliyomo ndani yake ni ya haki. Hata hivyo limekosea hesabu. Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana ya hatua ya pili mwenye kasoro hii ana mwelekeo mzuri kuliko wenzake, na tibakemikali ya fluorouracil peke yake baada ya upasuaji haimsaidii. Kumpima ni kumwokoa na miezi ya kutapika bure, na kuokoa fedha za dawa isiyo na kazi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza pembrolizumab kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa ya aina hii katika orodha yake ya dawa muhimu. Orodha haishushi bei kesho asubuhi, lakini mfumo wa afya usiojua una wagonjwa wangapi wa aina hii hauna hata takwimu ya kujadiliana nayo na muuzaji.

Kwenye mfuko wa uzazi hoja ina nguvu zaidi, kwa sababu kasoro hii hupatikana kwa robo hivi ya saratani za utando wake wa ndani. Katika utafiti wa RUBY uliotolewa 2023, wanawake wenye ugonjwa ulioenea au kurudi na wenye kasoro hii walipewa dostarlimab juu ya tibakemikali. Baada ya miezi 24, asilimia 61 walikuwa bado hawajaona ugonjwa ukisonga, dhidi ya asilimia 16 hivi waliopata tibakemikali pekee. Pengo kama hilo ni nadra katika saratani.

Sasa tuje kwenye kipimo cha pili, kile ninachokitilia tahadhari.

DNA ikikatika nyuzi zote mbili, seli hutumia njia nyingine ya ukarabati ambamo jeni za BRCA1 na BRCA2 zina kazi kubwa: hunakili upya kipande kilichokatika kwa kufuata nakala pacha. Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kuwa jeni ya BRCA1 imo kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yalichapisha kwa pamoja ugunduzi mzuri: seli zisizo na BRCA hufa zikizuiwa kimeng’enya kiitwacho PARP, ambacho hukarabati majeraha madogo ya DNA. Aliyevunjika mguu hutembea kwa mkongojo. Ukimnyang’anya mkongojo anaanguka, ilhali mwenye miguu mizima hata hatambui umeondolewa. Dawa ya kwanza ya kundi hili, olaparib, iliidhinishwa Marekani Desemba 2014. Katika utafiti wa SOLO1, wanawake wenye saratani ya ovari na kasoro ya BRCA walipewa olaparib baada ya tibakemikali, na miaka saba baadaye asilimia 67 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 46.5 ya waliopewa dawa isiyo na kitu.

Hadi hapo sina ugomvi. Kupima BRCA kwa kila mwanamke mwenye saratani kali ya ovari ni wajibu. Ugomvi wangu unaanza pale kipimo kinapopanuliwa. Takriban nusu ya saratani kali za ovari zina hitilafu kwenye njia hii ya ukarabati, baadhi bila BRCA kuguswa. Ili kuzipata, makampuni yameunda alama inayohesabu makovu kwenye DNA: vipande vilivyopotea, ncha za kromosomu zisizolingana, mivunjiko mikubwa. Kwa kipimo kimoja kinachotumika sana, 42 na kuendelea ni chanya. Kiwango hicho kiliwekwa kwa kutazama uvimbe uliojulikana kukosa BRCA na kuchagua namba ambayo asilimia 95 yake huifikia. Kwa kufaulisha uvimbe wa aina hiyo ni namba nzuri. Lakini mwanamke mwenye 41 na mwenzake mwenye 43 hawatofautiani kibaiolojia kwa namna yoyote inayoonekana, na mmoja huambiwa ndiyo, mwingine hapana.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kovu halina tarehe. Uvimbe uliowahi kupoteza ukarabati hubeba makovu yake daima, hata baada ya kuupata tena uwezo huo. Na huupata: chini ya shinikizo la tibakemikali ya platinamu au dawa za kuzuia PARP, baadhi ya seli hupata badiliko la pili kwenye BRCA linalorudisha protini kazini. Makovu yako palepale, alama ni ileile, na dawa haifanyi kazi. Protini nne za kipimo cha kwanza hutuonyesha hali ya uvimbe wakati ulipokatwa. Alama ya makovu hutusimulia yaliyoupata zamani. Sioni sababu ya kuyapa majibu hayo mawili uzito sawa kwenye ripoti.

Sisemi alama haina faida. Utafiti wa PAOLA-1 wa mwaka 2019, ulioongeza olaparib juu ya bevacizumab, dawa nyingine ya saratani, uliwagawa wagonjwa vizuri: waliokuwa na alama chanya au kasoro ya BRCA walipata muda wa kati wa miezi 37.2 kabla ugonjwa haujasonga, dhidi ya 17.7 bila olaparib, na waliokuwa hasi hawakupata faida. Kwa mgonjwa mpya wa ovari, itumike. Kinachonitia shaka ni mteremko wa kuipeleka kwa kila kiungo na kila hatua ya ugonjwa. Mwaka 2022 watengenezaji wa dawa za PARP waliondoa Marekani baadhi ya matumizi kwa wagonjwa wa ovari waliokwisha kupitia dawa nyingi, baada ya takwimu za uhai kuelekea upande mbaya. Kwenye tezi dume, utafiti wa PROfound uliwaweka pamoja wanaume wenye kasoro za jeni mbalimbali za ukarabati. Wenye BRCA2 walinufaika waziwazi, wenye kasoro ya ATM, jeni nyingine ya ukarabati, kidogo sana au hapana. Kadiri orodha ya jeni inavyorefushwa, ndivyo jibu chanya linavyopungua maana.

Hata damu inaweza kudanganya. Kwa wanaume wazee, seli za uboho hujikusanyia mabadiliko yake zenyewe, mengine kwenye jeni za ATM na CHEK2. Kipimo cha DNA inayoelea kwenye damu kinaweza kuyachukua mabadiliko hayo na kuyabandika kwa tezi dume isiyohusika. Mgonjwa akaanzishiwa dawa yenye madhara kwenye uboho kwa sababu ya kasoro ya uboho. Kulinganisha na seli nyeupe za mgonjwa huyohuyo kunaondoa utata huo, lakini si kila maabara hufanya hivyo.

Linabaki jambo la ukoo, ambalo madaktari wa saratani hulipa dakika mbili mwishoni mwa kliniki. Mwaka 1895 Aldred Warthin, mtaalamu wa patholojia huko Michigan, alikutana na mshonaji nguo aliyemwambia anatarajia kufa kwa saratani kama ndugu zake. Alikufa hivyo kweli, bado kijana, kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Warthin alichapisha habari za ukoo huo mwaka 1913. Henry Lynch akaendeleza kazi kuanzia miaka ya 1960, na hali hiyo ya kurithi sasa inabeba jina lake. Kwa muda mrefu tuliitafuta kwa kuuliza historia ya familia na umri. Njia hiyo iliwaacha wengi: wenye familia ndogo, wenye ndugu waliokufa kwa ajali, wasiojua mjomba alikufa kwa nini. Mwaka 2017 taasisi ya NICE ya Uingereza ikapendekeza kila mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana apimwe, bila kuuliza umri.

Aliyerithi kasoro hiyo anaweza kumpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Ndugu akijulikana mapema, kamera ya utumbo ya mara kwa mara huondoa vivimbe kabla havijageuka, na hata aspirini ina nafasi. Katika utafiti wa CAPP2 wenye watu 861, waliomeza miligramu 600 kwa siku kwa takriban miaka miwili walipata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 9 katika ufuatiliaji mrefu, dhidi ya asilimia 13 ya wenzao. Mgonjwa mwenyewe anaweza kukosa dawa ghali, na ndugu zake wakaishi kwa sababu ya slaidi yake.

Lakini uvimbe kuwa na kasoro si kusema imerithiwa. Wengi wa waliopoteza MLH1 jeni yao imezimwa ndani ya uvimbe tu, uzeeni, na haihusu watoto. Na pale damu inapopimwa, wenye asili ya Afrika na Asia hupata mara nyingi zaidi jibu la “badiliko lisilojulikana maana yake”, kwa kuwa hifadhidata za jeni zimejengwa zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya. Jibu kama hilo lisitumike kumwogofya mtu wala kumkata kiungo.

Yote haya yanategemea karatasi moja, ripoti ya patholojia, na hapo ndipo ningeanzia mageuzi kama ningepewa kalamu. Ripoti ikiishia “MLH1 na PMS2 hazionekani”, daktari wa upasuaji aliyeiomba huenda akaifungia kwenye faili akihesabu kazi imekwisha. Mstari unaofuata uandikwe papo hapo: kwa utumbo mpana pimeni badiliko la jeni ya BRAF na kuzimwa kwa jeni ya MLH1, kwa mfuko wa uzazi anzeni na kuzimwa kwa jeni. Ikiwa zilizopotea ni MSH2 na MSH6, mgonjwa aende moja kwa moja kwa mshauri wa jeni, na ripoti imtaje kwa cheo atakayempigia simu.